Dawa Iliyoonjwa

Wifi yangu Mukunde hakunywa kitu ambacho mtu mwingine hajakionja mbele yake. Kwetu ni adabu ya kawaida: anayekupa kinywaji humeza funda moja kwanza, ndipo akukabidhi, uone kwamba hakutia sumu. Watu wengi hufanya hivyo bila kufikiri, huku wanazungumza habari za mvua. Mukunde alikutazama koo. Alisubiri alione likipanda na kushuka, kisha akangoja tena kidogo, kikombe kikipoa mkononi mwake, akiyachunguza macho yako kama yamebadilika.

Wanawake wa Muhima, ambako alikuwa na meza ya vitenge, walimcheka. "Mukunde akifika peponi," walisema, "atamwambia malaika aonje kwanza."

"Na malaika akikataa," aliwajibu, "nitajua nimefika wapi."

Alizaliwa Biryogo, mtaa huu huu tunaoishi, binti wa fundi wa kanzu. Mama yao alipokufa, Mukunde alikuwa bado msichana, akambeba mdogo wake Ilyasi mgongoni mpaka akamkuza. Baadaye aliolewa na dereva wa lori. Siku moja dereva yule alikwenda kwenye harusi Remera, akarudi anashika tumbo, na kesho yake mchana wakamzika. Hakuna daktari aliyesema ni ugonjwa gani. Mukunde hakuhitaji daktari. Alijua kuna mkono uliompa bilauri, na mpaka leo anautafuta mkono huo kwa kila mtu anayekutana naye.

Mimi alinikuta nikiwa mtu wa kufaa kushukiwa. Nilitoka Rwamagana, nikiwa nimeachika kwa sababu sikuzaa, nikaolewa na Ilyasi baada ya mke wake kufariki. Nilimkuta mtoto wake Umulisa bado anatambaa. Nilimlea. Alilala kifuani kwangu, akaniita mama kabla hajajua kuita kitu kingine. Lakini kwa Mukunde mwanamke asiye na mtoto akimlea mtoto wa marehemu lazima ana jambo. Alikuja nyumbani kila wiki, akaketi mlangoni, akatoa kwenye mkoba kikombe chake mwenyewe kilichofungwa kwenye kitambaa, akanyosha mkono nimmiminie. Nikamimina, nikaonja, akanitazama koo. Tuliishi hivyo miaka.

Ilyasi ni fundi wa magodoro. Ananunua sufi kwa magunia, anaichambua kwa mkono, anaipiga kwa fimbo mpaka ivimbe, kisha anaijaza kwenye vitambaa na kushona. Vita vilipoanza kule kaskazini, kazi yake iliongezeka badala ya kupungua. Askari wapya walijaa kambi ya Kanombe, na familia zao zikataka pa kulala. Magunia yakawa mengi kuliko kibanda cha uani. Isitoshe, watu wa doria walikuwa wanaingia katika nyua kutafuta bunduki, na gunia lolote walilichoma kwa singe mpaka sufi yote ikamwagika matopeni. Ndiyo maana Ilyasi akayaingiza magunia ndani, katika chumba cha nyuma, chumba alicholala Umulisa. Mtoto alifurahi. Aliyapanda kama mlima, akajirusha juu yake, akaja jikoni kwangu na nywele nyeupe kama bibi kizee.

Mwaka ule kila mtu alimtazama mwenzake. Redio zilisikilizwa kwa sauti ya chini, na jirani akijua unasikiliza ipi, alikuwa na kitu cha kukushika nacho. Kwa hiyo sikushangaa kutazamwa. Nilishangaa tu kwamba nyumbani kwangu hapakuwa na hata pembe moja ya kupumzika na macho ya watu.

Alasiri moja Mukunde alikuwa ameketi mlangoni kama kawaida. Nilikuwa nimempa Umulisa uji wa mtama. Aliumaliza, akakimbilia chumba cha nyuma kucheza juu ya magunia. Muda si muda akatoka akikohoa. Nikadhani amepaliwa. Kisha nikamsikia anapiga mluzi kifuani, mluzi ule ambao tulikuwa tumeshauzoea siku za baridi, lakini safari hii haukukatika. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Pua zilimtanuka. Nilimuuliza, "Unaumwa wapi?" Akajibu neno moja, akapumua, neno moja, akapumua.

"Mama... maji..."

Nilinyosha mkono kuchukua maji. Mukunde alinipiga mkono huo.

"Umempa nini?" akasema.

"Uji. Umeniona."

"Nimekuona. Hukuonja."

Nilimbeba mtoto nikatoka mbio. Jirani mmoja alikuwa na gari dogo la mizigo, akatupeleka hospitali kubwa. Walimchoma sindano, wakamfunika puani na mdomoni kwa kinyago cha hewa. Nilikaa pale nikimshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa imeshikwa na waganga wa hospitali. Mukunde alisimama ukutani akiwatazama waganga vilevile alivyonitazama mimi. Walipotaka kumpa maji ya kunywa, alimwambia muuguzi kijana, "Wewe kwanza." Yule kijana akacheka, akadhani ni utani.

Umulisa alilala hapo mpaka kifua kilipofunguka. Tulipotoka, daktari alituambia ni pumu, akatupa chupa ya dawa ya maji na vidonge vyeupe, akasema dawa ile ya maji ni kijiko asubuhi, mchana na jioni, na vidonge aendelee navyo hata akionekana mzima. Akasema tusidhani yamekwisha kwa sababu mtoto anatembea. Kifua kilichobana namna ile hubaki kimekasirika ndani, na watoto wengi hurudishwa hospitali kwa sababu walio nyumbani waliacha dawa walipoona anacheza. Akatutaka Jumatatu twende dispensari ya karibu na kwetu, kwa muuguzi mmoja aitwaye Illuminée, amsikilize kifua na atuambie la kufanya mbele.

Mukunde alifuatana nasi mpaka mlangoni. Hapo akaniuliza, "Kama amepona, anarudishwa kufanya nini?"

"Kuangaliwa."

"Mgonjwa ndiye anayeangaliwa. Mzima anaitwa kwa jambo lingine."

Jioni ile alileta godoro lake na kikombe chake, akahamia kwetu. Alisema amekuja kumlea mtoto wa marehemu. Alikuja kunilinda mimi nisimuue.

Nilipomimina kijiko cha kwanza cha dawa, alinishika mkono. Nililamba ncha ya kijiko nikampa mtoto.

"Huko ni kulamba," akasema. "Kunywa kijiko kizima, kama chake."

"Mukunde, dawa imepimwa. Ni ya mtoto."

"Na uji ulipimwa?"

Nilimgeukia Ilyasi. Alikuwa anashona, sindano ndefu mkononi, uso kwenye godoro. "Onja tu, mke wangu," akasema. "Yaishe."

Hayakuisha. Kila mara nilipompa Umulisa kijiko, nilikunywa changu kwanza, kizima. Vidonge navyo Mukunde alivikata kwa kisu. "Nusu yako, nusu yake," alisema, "na mimi ndiye nachagua ipi ni yako." Nilimwambia kwamba hivyo mtoto hapati dawa yake. Akaniuliza mbona nina wasiwasi sana mtoto asikose dawa yangu. Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Ukinyamaza una hatia, ukisema una hatia zaidi.

Siku ya pili mikono yangu ilianza kutetemeka. Nilikuwa namimina chai, mdomo wa birika ukawa unagonga kikombe, tik tik tik, na moyo wangu unakwenda mbio kama nimepanda kilima. Mukunde aliweka chini kitambaa alichokuwa anakikunja.

"Ilyasi," akaita, bila kuniondolea macho. "Njoo umwone mkeo. Anatetemeka. Anajua kilichomo."

Kisha akamshika Umulisa vidole, akavinyanyua. Navyo vilikuwa vinatetemeka.

Sitasahau jinsi Ilyasi alivyonitazama. Alisimama mlangoni ana sufi kwenye ndevu, akanitazama kama mtu anayesoma uso asioujua. Tangu tuoane sikuwahi kumlalamikia. Na mimi nikamtazama yeye, kisha nikamtazama dada yake, na wazo baya likaniingia. Chupa ilikaa kwenye dirisha. Nilikwenda bombani asubuhi na jioni. Nani alibaki nayo? Nani aliyetaka nitoke katika nyumba ile tangu siku niliyoingia? Nilijua sikutia kitu. Basi kama mikono inatetemeka, mwingine alitia.

Tangu saa ile tukawa wawili wa kulindana. Mimi nilimtazama anapopita dirishani, naye alinitazama ninapoamka. Tulikwenda uani kwa pamoja kama marafiki. Mtoto katikati yetu alimeza nusu ya vidonge alivyopaswa kumeza, na sisi wawili, kwa ajili ya usalama wake, tulikuwa tunaimaliza chupa yake, mimi kwa kunywa, yeye kwa kuninywesha.

Jumamosi ilikuwa imebaki dawa ya kufunika chini ya chupa tu. Mukunde aliichukua, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na kikombe chake.

"Mtoto haguswi na hii tena," akasema. "Hii ni ushahidi."

Jumapili mluzi ulirudi. Ulikuwa mdogo, ukimlaza mtoto ubavu ndipo unausikia. Jumatatu asubuhi Umulisa hakutaka kula, akakaa ameegemea mikono yake kwa mbele, mabega juu. Nilimfunga kitambaa nimpeleke dispensari. Mukunde naye alikuwa amevaa.

"Twende Nyabugogo," akasema. "Kuna mzee anatapisha sumu. Nimeshamtumia habari. Atamnywesha dawa, atatapika kitu chenyewe tukione."

"Mukunde, muangalie mtoto. Hana pumzi ya kutapikia."

"Ana pumzi ya kufa kwako?"

Alimshika mkono mmoja, nami nilikuwa nimeushika mwingine. Ilyasi alikuwa ameondoka mapema kupeleka magodoro Kanombe. Tulisimama mlangoni, na mtoto katikati alikuwa anapiga mluzi. Nikajua nikimvuta atavutwa na upande wa pili, na mtoto ndiye atakayechanika. Nguvu nilizokuwa nazo hazikutosha. Nikatafuta neno ambalo Mukunde hawezi kulikataa.

"Sawa," nikamwambia. "Mimi ni mrozi, natia watu sumu. Lakini chupa sikuipika mimi. Nani alitupa chupa?"

"Waganga."

"Na wewe unajua desturi. Anayetoa kinywaji ndiye wa kuonja kwanza. Mimi nimeonja, siyo? Wao nani aliwaonjesha? Twende kwa huyo Illuminée, umtie chupa yako mkononi, anywe mbele yako. Akikataa, mimi mwenyewe namlipia mzee wako wa Nyabugogo."

Nilimwona anaigeuza hoja ile huku na huku kutafuta mtego, asiupate, maana ilikuwa sheria yake mwenyewe.

"Atakunywa nikimuona koo," akasema.

"Utamuona koo."

Kusema kweli nami nilitaka kumuona koo. Niliwaza kwamba dawa ikiwa ni nzuri, basi uovu umetiwa dirishani kwangu, na nitajua na nani.

Dispensari ilikuwa imejaa wanawake na watoto kwenye benchi. Illuminée alikuwa mwanamke mnene, sauti nzito, anayeita watoto wote "mkwe wangu". Alipomwona Umulisa hakutungojesha zamu. Alimvua blauzi, akatazama mbavu, akaweka chombo chake kifuani, akafunga macho kidogo.

"Dawa amekunywa leo?"

"Imeisha," nikasema.

"Imeisha vipi? Chupa ile ilikuwa ya kuvuka leo na kubaki. Amekunywa yote peke yake?" Sasa alikuwa amefungua macho. "Mama, nijibu. Nani amekunywa dawa ya mtoto?"

Benchi zima likageuka. Nikasema, "Mimi."

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Mama wa kambo huyo." Sijui alijuaje. Nadhani usoni kwangu kuna alama ambayo wote wanaiona isipokuwa mimi.

Illuminée alifungua kabati, akatoa chupa nyingine, akamimina kijiko. Alipokisogeza, Mukunde alifunika mdomo wa mtoto kwa kiganja.

"Wewe kwanza."

"Mimi sina pumu, mama."

"Wewe kwanza, mganga. Kisha yeye."

Watu wakacheka. Illuminée hakucheka. Alikuwa anatazama mbavu za Umulisa zikiingia na kutoka. Nikaona anaweka mambo mawili kwenye mizani, hasira yake na dakika za yule mtoto. Akameza kijiko kile, akafungua mdomo wazi kama mtoto wa shule, akautoa ulimi. "Umeona? Nimeze tena? Ondoa mkono sasa."

Mukunde akaondoa mkono. Umulisa akanywa. Wakamweka pembeni na kinyago cha hewa, kichwa chake juu ya paja langu.

Tukiwa tunangoja kifua kifunguke, Mukunde alifungua kitambaa chake, akaiweka ile chupa ya zamani mezani.

"Ulichokunywa wewe ni kingine," akasema. "Hii ndiyo yenye jambo. Huyu mwanamke alikuwa anatetemeka. Mtoto anatetemeka. Eleza."

Illuminée aliinyanyua chupa, akaitikisa. Kilichobaki kingetosha kijiko kimoja.

"Mtoto alikuwa anapiga mluzi tangu jana, na wewe ulikuwa na hii kwenye mkoba?"

"Ni ushahidi."

"Haya," akasema Illuminée, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililonitisha zaidi ya kelele. "Huyu ameionja, yuko hapa. Mtoto ameinywa. Nani hajaionja? Umebaki wewe, mama."

Akamimina, akamnyoshea kijiko. Benchi likachangamka. "Onja, mama! Mbona wenzako wamemeza?" Mwingine akasema, "Mwiteni malaika aje amwonjee!" Kumbe hata huku walikuwa wanamfahamu.

Nilimtazama wifi yangu. Uso ulikuwa umekauka. Nilifikiri ataondoka. Lakini alimtazama Umulisa, akatazama kile kinyago kinachojaa ukungu na kufutika, kisha akachukua kijiko akanywa, bila mtu kumwonjea. Akafunga macho kama anayengoja pigo.

Hakuanguka. Tulikaa. Baada ya muda bangili za mkono wake zikaanza kulia. Alinyosha vidole, akavitazama vinavyotetemeka.

"Mmeona!" akapiga kelele. "Mmeona! Mmeniua!"

Illuminée alinyosha mkono wake mwenyewe karibu na ule wa Mukunde. Nao ulikuwa unatetemeka. "Ndivyo ilivyo dawa hii," akasema. "Inafungua kifua, na inatikisa mikono, na moyo unakwenda mbio. Inapita. Kaa uangalie saa ile ya ukutani."

Mukunde alikaa akaangalia, si saa bali mikono yake, mpaka ikatulia. Mimi niliiangalia pia. Nilikuwa nimemdhania kwamba alitia kitu kwenye chupa, naye alikuwa amenidhania hivyo hivyo, na sasa tulikuwa tumekaa benchi moja. Nilingoja aseme neno, hata moja. Alikunja kitambaa chake.

Kifua cha Umulisa kilipofunguka, Illuminée alivuta kiti karibu na magoti yetu akaanza kuuliza. Mtoto anakohoa usiku? Anachoka akikimbia? Napikia wapi, moshi unaingia wapi? Analala wapi? Juu ya nini? Chumbani mna nini? Niliposema mna magunia ya sufi, aliacha kuuliza.

"Mangapi?"

"Mpaka darini."

Aliingiza vidole kwenye nywele za Umulisa, akatoa nyuzi nyeupe za sufi, akazipuliza. Zikaelea mbele ya uso wa Mukunde.

"Hii anaivuta mchana na usiku," akasema. "Nitampa dawa, mtamaliza, mtarudi, nitampa nyingine. Lakini akiendelea kulala humo, siku moja mtachelewa. Mtoeni sufi au mtoeni mtoto."

Akatuambia vidonge vimezwe vizima, kijiko kizima, na mtu mzima asionje tena. Tukiona mbavu zinaingia au anaongea neno moja moja, tusingoje asubuhi. Tumlete kila mwezi hata kama anaruka kamba. Na kuhusu mzee wa Nyabugogo, ambaye Mukunde alimtaja mwenyewe, alisema, "Mtoto aliyebanwa kifua ukimtapisha, atakufia mikononi. Hapo ndipo utamjua mrozi ni nani."

Jioni Mukunde mwenyewe alimweleza Ilyasi. Nilikuwa jikoni, nilisikia yote.

"Sufi?" Ilyasi akasema. "Sufi imekuvika wewe vitenge, dada. Nikaiweke wapi? Uani wanaichoma singe. Na wateja wakisikia godoro la Ilyasi linaua watoto, nitauza nini?"

"Basi mtoto anakwenda kwangu Muhima."

"Kwa hiyo mimi ndiye mrozi?"

Mukunde aliyenishtaki mbele ya benchi la watu, kwa mdogo wake ulimi ulimshika. Alisema tu, "Nimesema anakwenda kwangu." Na asubuhi akamchukua, na nguo zake, na dawa yake. Umulisa aliniangalia juu ya bega la shangazi yake mpaka wakapinda kona. Nilibaki na magunia.

Haikupita muda habari zikaenea Biryogo. Hakuna aliyetaja sufi. Walisema Ilyasi amemwokoa mtoto kutoka kwa mama wa kambo. Ilyasi aliwasikia, akaendelea kushona. Wanawake waliacha kunywa kwangu, hata baada ya kuonja. Mtoto wa jirani akipita mlangoni, mama yake alimwita.

Nilivumilia, kisha siku moja nikateremka Muhima, nikasimama mbele ya meza ya vitenge.

"Waambie watu," nikamwambia Mukunde. "Ulikuwepo. Uliinywa. Waambie ni sufi."

Alikuwa anapima kitambaa kwa mkono. Hakuacha. "Ilyasi alikuja Jumapili," akasema kwa sauti ya chini. "Amesema mtu yeyote akianza maneno ya sufi, atamrudisha Umulisa alale juu ya magunia, wateja waje waone kwa macho kwamba sufi haidhuru. Ni mtoto wake. Siwezi kumzuia. Imamu hawezi kumzuia."

Nilimtazama nitafute uongo. Nimemfahamu miaka, lakini sijui uongo wake unakaa wapi usoni. Pengine Ilyasi alisema hivyo. Pengine alitunga yeye, amalize kazi yake, mtoto awe wake na jina baya liwe langu. Hata leo sijui. Sijawahi kumuuliza Ilyasi, kwa sababu nikimuuliza nitakuwa nimeyaanza maneno yenyewe.

"Wewe ndiye wa kuchagua," Mukunde akasema. "Nikisema, jina lako linasafika. Sema, nami nitasema."

Nyuma yake, kwenye uchochoro, Umulisa alikuwa anaruka kamba na mabinti wa muuza viatu. Aliruka, akahesabu kwa sauti, akacheka mwenzake alipojikwaa, akaendelea kuhesabu. Sentensi nzima, pumzi moja. Nilisikiliza kama nitasikia mluzi.

"Jumatatu ya dispensari huikosi?" nikamuuliza.

"Siikosi."

"Vidonge?"

"Vizima."

Niligeuka nikaondoka. Hakuniita. Hakuomba radhi siku ile, na hajaomba. Kila mwezi huwa napita ng'ambo ya dispensari, nasimama penye muuza mkaa, namwona anamwingiza mtoto na kumtoa. Siogopi kusema kwamba ninamchukia. Lakini hajakosa Jumatatu hata moja.

Wiki iliyopita bombani Spéciose, mke wa yule jirani mwenye gari, alinisogezea ndoo yake mbele yangu, huku wenzake wanangoja kusikia.

"Nimemwona Umulisa Muhima," akasema. "Amenenepa! Hakohoi kabisa. Mtoto amepona tangu alipotoka kwako, eh, mama?"

Wote walikuwa wananitazama koo, kama nitameza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Amepona tangu alipotoka kwangu."

Nikajaza ndoo yangu nikaondoka.